Shavu la Njuki

Tangu Njuki aanze kuongoza nyimbo, Marcella hakuwa na raha kanisani. Kisa chenyewe kilikuwa shavu. Kila Jumapili kijana huyo aliingia kanisa lao la Kanyakine shavu la kushoto limevimba, akapita katikati ya watu bila salamu na kwenda kuketi karibu na meza ya Bwana. Ukimwambia "Bwana asifiwe," anainamisha kichwa tu. Sasa mtu wa Meru akiona shavu la namna hiyo, akili inakwenda moja kwa moja kwenye miraa, majani yale ya kulevya yanayotafunwa na kuwekwa shavuni. Ya Marcella ilikwenda na haikurudi.

Isitoshe, kabla ya kuokoka Njuki alikuwa makanga wa matatu Meru mjini, na makanga asiyetafuna Marcella hajawahi kumwona. Tena kabla ya wimbo wa kwanza aligeukia ukuta, akapeleka leso mdomoni, na akigeuka shavu limeshuka. Anatema nini pale?

"Ati ameacha. Ameacha wapi?" Marcella alimnong'oneza jirani yake Joyline wakati wa maombi. Walinong'ona zaburi ikisomwa, wakanong'ona mahubiri yakiendelea. Hata akiinama kuomba, Marcella aliacha jicho moja wazi. Ilimuuma kwelikweli. Yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi kitambaa cheupe cha meza ile, na hakutaka uchafu mbele za Mungu.

Akapeleka habari kwa mchungaji Gitobu.

"Mama, siwezi kumtoa mtu kwa uvumi," mchungaji alisema. "Lakini kama ni kweli, Jumapili hii hashiriki meza, na kuimbisha anaacha. Niletee ushahidi."

Jumapili Marcella alimvizia kando ya tangi la maji, nje ya mlango wa kanisa. Njuki akaja, akapangusa viatu kwenye nyasi. Shavu lile lile. Marcella akamdaka mkono.

"Fungua hiyo mdomo!"

Njuki alisita. Kisha akatoa leso, akatema kitu na kumfunulia. Marcella aliinama akiwa tayari kunusa. Ilikuwa kokwa ya makadamia, nzima na ganda lake gumu, imelowa. Hakuna jino la mtu linaloweza kuitafuna ile.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kunifunga, mama. Hii mdomo yangu imetukana watu steji miaka mingi. Nikiingia hapo ndani inataka stori. Mechi iliisha aje, nani ameoa nani. Na Mungu yuko hapo. Nikiweka hii siwezi ongea. Wimbo ikianza, natoa. Nataka kitu ya kwanza itoke ikuwe yake."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, hiyo pia ingekuwa stori."

Marcella alijaribu kukumbuka ombi moja, hata hubiri moja la mwaka mzima, akakumbuka shavu tu. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Uko na ingine?" akauliza polepole.

Njuki akatia mkono mfukoni.

Ndani, mchungaji alimtazama akingoja ushahidi. Marcella akatikisa kichwa kuwa hakuna. Akaketi mahali pake. Watu walipoinama kuomba, Joyline akamsogelea.

"Umemshika? Ni miraa?"

Habari ilikuwa tamu, na Marcella alitamani kuitoa yote. Ulimi ukagonga ganda. Joyline akasubiri, akamtazama vizuri, kisha macho yakamtoka. Akajisogeza mbali kwenye benchi na kumgeukia mama wa nyuma.

"Hata Marcella! Angalia shavu."

Marcella aliwaka moto. Alitaka kuitema makadamia papo hapo ajitetee mbele ya kanisa zima. Huko mbele mchungaji alikuwa akisema, "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu." Nyuma yake minong'ono ilikuwa ikipita benchi hadi benchi, na jina lake ndani yake. Marcella akafumba macho yote mawili.