Kitanda cha Sista Fonsi

Ijumaa asubuhi Sista Dymphna Keogh alikuwa akipiga pasi foronya katika chumba cha kufulia cha Nyumba ya Mtakatifu Bruno, barakoa ikimning'inia sikio moja, na kasuku weupe wakitafuna mbao za dirisha kama walivyozoea. Jioni hiyo nyumba ya mafungo ingepokea tena wageni wa kulala, kwa mara ya kwanza tangu korona iufunge mji wa Melbourne na milima yake. Supu ya maboga ilikuwa jikoni. Craig Pettifer, meneja aliyeletwa na bodi, alikuwa kanisani akibandika miduara ya manjano sakafuni ili watu wasisogeleane. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amepiga magoti humo.

Nyumba ile ina desturi yake. Mgeni anayeondoka hutoa shuka zake, huchukua nyingine safi kabatini, na humtandikia mgeni ajaye asiyemjua, huku akimwombea. Asiyetandika hajaondoka, hata akienda. Mkata manyoya ya kondoo mmoja kutoka mji wa mbali wa Hay aliwahi kusahau, akafika kwao hana kivuli. Kivuli kilikuwa kimebaki Bruno, kimelala chali, na jamaa akafanya kazi msimu mzima juani namna hiyo mpaka alipopata likizo ya kuja kutandika. Walimpa chai.

Mwezi wa Julai bodi iliwahamishia masista wazee kwenye makao ya wazee mjini. Kwa usalama wao. Wiki mbili tu, walisema, wimbi lipite. Gari lilifika kabla ya uji. Masista walitandika vitanda vyao mbio mbio, isipokuwa Sista Alphonsus, ambaye kila mtu alimwita Fonsi. Yeye alisukumwa nje na kiti chake cha magurudumu hata soksi hajavaa. Dymphna alibaki kwa sababu alikuwa juu ya paa akizibua mifereji ya maji, na dereva alikuwa ameambiwa achukue wazee. Baridi haijaisha, Fonsi akafa huko. Dymphna alimuaga kwa simu iliyoshikwa na nesi aliyevaa plastiki mwili mzima. Na muda wote huo kivuli cha Fonsi kilikuwa ukutani, chumba cha saba, juu ya kitanda chake. Craig alidhani ni unyevu, akapaka rangi mara mbili.

Sasa bodi ilikuwa imegundua kosa lake. Gari lingemfuata Dymphna Jumapili mchana, na chumba chake, chenye dirisha la kutazama bonde lote, kilikuwa kimeshatangazwa mtandaoni.

"Ni kwa usalama wako, Sista," Craig alisema, akisimama mbali naye kama inavyotakiwa.

"Na hao kumi wanaotoka mjini kuja kulala humu, ni kwa usalama wa nani?"

"Hao hawajazeeka."

"Mimi nimezeeka? Twende paani, Craig. Tuone nani atalia kushuka."

Craig alirudi kwenye miduara yake.

Jioni wageni walifika mmoja mmoja. Noelene, mpishi, alisimama mlangoni na kipimajoto, akiwaelekezea kwenye paji la uso. Wa mwisho alipanda mlima kwa miguu, amevaa gauni la hospitali, ndara za kupewa, na bangili ya plastiki mkononi. Alikuwa Fonsi. Noelene akampima. Kipimajoto kikaonyesha joto la udongo.

"Hana homa," alisema Noelene, akampisha.

"Umechelewa, bibi wewe," Dymphna alisema. "Supu imepoa."

"Na wewe ungetembea kutoka Melbourne na hizi ndara, tungekuona."

"Miguu je?"

"Imepona yote. Ndiyo kitu pekee walichoniponya."

"Walikuzika vizuri?"

"Vizuri tu. Padri alianza na jina la mtu mwingine, nikamvumilia."

Craig alikuja akihesabu vichwa kwa kidole. Kibali kilisema wageni kumi, naye alikuwa akimaliza na kumi na moja. "Samahani sana, Sista Alphonsus. Nafasi zimejaa."

"Mimi si mgeni, mwanangu. Sijaondoka."

"Kitanda chako nilikitandika mwenyewe."

"Kakiangalie."

Walikwenda wote. Blanketi lilikuwa limetupwa pembeni, mto una shimo la kichwa, na chupa ya maji ya moto bado ina joto la asubuhi ile ya Julai. Ukutani rangi ilikuwa nyeupe pee. Kivuli kilikuwa kimeshashuka kumlaki mwenyewe. Mgeni aliyepangiwa chumba hicho, daktari wa meno mstaafu, alisimama hapo na begi lake.

Craig alitandika. Alijua kazi, pembe zake zilikuwa kali kama za bahasha. Alipogeuka kuchukua mto, kitanda kilikuwa kimevurugika. Akatandika tena.

"Endelea, baba," Dymphna alisema. "Mkono unaanza kulainika."

Daktari wa meno alisema kochi la maktaba linamtosha, kwani mwenye chumba alimtangulia. Craig akaipigia simu bodi.

Bodi ilikaa kikao usiku huo huo na kujibu kwa upole. Marehemu hapumui, kwa hiyo hamwambukizi mtu wala haambukizwi. Anaweza kubaki kadiri apendavyo. Sista Dymphna bado yuko hai, kwa hiyo yuko hatarini. Gari litakuja kama lilivyopangwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukimya. Fonsi alisali amesimama kwenye mduara wake wa manjano ingawa hakulazimika. Baada ya chakula walifuta vyombo wao wawili, na wakanong'ona, jambo ambalo lilikuwa dhambi yao ya miaka mingi.

"Inauma?" Dymphna aliuliza.

"Kufa? Wala. Kinachouma ni kushikiwa simu."

"Na wenzetu?"

"Columba anauliza kila asubuhi hizo wiki mbili zinaisha lini. Wanampa peremende." Fonsi aliinua sahani, akaitazama kwenye mwanga. "Wale walitandika vitanda vyao?"

"Wote. Mpaka pembe."

"Adabu imewaponza," alisema Fonsi.

Jumapili wageni walitandika, wakaomba, wakaondoka. Daktari wa meno alikunja hata blanketi la kochi. Gari likafika jua likiwa kali. Craig alisimama mlangoni kwa Dymphna na shuka safi mikononi.

"Kama ilivyo desturi, Sista."

Dymphna alikuwa amejiandaa. Mto ulikuwa sakafuni. Blanketi lilikuwa limejisokota kama kamba, na katikati ya godoro palikuwa na makombo ya mkate wa kuchoma, kwa sababu alikuwa amekula kifungua kinywa humo na viatu vyake miguuni. Alizipokea zile shuka, akamshukuru, akazipeleka chumba cha kufulia na kuzirudisha kabatini mahali pake.

"Tandika wewe," alimwambia. "Tandika kila siku. Ni mazoezi mazuri ya mgongo."

Alipita uani mikono mitupu. Dereva, aliyekuwa akimfungulia mlango, alitazama chini, akaona kivuli chake mwenyewe na cha mlango, basi. Akamwambia afunge mkanda.

Fonsi alisimama barazani na kikombe cha chai. "Usikawie!" alimpigia kelele.

Dymphna aliteremsha kioo. "Noelene! Kikombe changu kisihamishwe!"

Gari likashuka mlima, likampeleka mjini, likamwacha kwenye makao ya wazee, kitanda cha jirani na Columba.

Kule juu Craig alikuwa ameshamaliza pembe tatu. Alipoinama kwenye ya nne, kivuli cha Sista Dymphna kiligeukia ukutani, kikavuta blanketi lote upande wake.