Plagi ya Nne

Mkono wa kulia wa Siwema ulikuwa umezama ndani ya injini hadi kiwiko, na vidole vilikuwa vinapapasa kitu ambacho macho yasingekiona hata angesimama kichwa chini miguu juu. Kiti cha abiria wa mbele alikuwa amekishusha uani, na kuku wa mwenye nyumba walishakipanda. Gari la Noah la zamani limeundwa hivyo: injini imelala chini ya viti vya mbele, na ukitaka kuigusa lazima kwanza uhamishe sebule. Plagi tatu, zile za kuwasha moto wa injini, unazifikia kwa boksi spana ndefu na subira kidogo. Ya nne imejibanza kule nyuma, chini ya ukingo wa bati, pembeni ya bomba la maji. Aliyelichora gari hilo bila shaka hakutegemea kwamba siku moja atatumwa yeye akaitoe.

"Nimulikie huku, Advera. Si usoni. Huku."

Advera alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, muuza maandazi. Mkono mmoja ulishika simu yenye tochi, mwingine ulikuwa bado na unga. Aliinama akaziangalia plagi tatu zilizokwisha kutolewa, zimepangwa juu ya kipande cha boksi.

"Mbona hizi mpya? Zinang'aa kama vijiko vya harusi."

"Ndiyo hapo pa kuuliza," alisema Siwema.

Kabla ya msimu wa tumbaku, umoja wa stendi ulikuwa umetoa amri: kila Noah ya laini ya Usoke ifanyiwe sevisi, na si popote, bali kwenye gereji ya fundi Valentino tu. Plagi nne mpya, oili, stika kwenye kioo. Bila stika hupakii abiria. Madereva walinung'unika wakalipa, na Siwema, dereva mwenzao, akalipa kama wao. Alirudishiwa gari lake jioni likiwa limeoshwa mpaka matairi, na yeye, kwa ujinga wake, akamshukuru fundi kwa mikono miwili.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Katikati ya pori, Usoke ikiwa bado mbali, gari lilianza kukohoa, likatetemeka, likazimika. Akapiga stata mpaka betri ikachoka. Kwenye kiti cha nyuma yake alikaa Bi Imakulata wa mtaa wa Isevya, mjane, kanga mbili na rozari, akienda kumzika mwanawe wa mwisho. Magari yalipita yamejaa. Walipopata lori la tumbaku la kuwabeba, jua lilikuwa limeshageuka, na walipofika kijijini watu walikuwa wananawa mikono pembeni ya kaburi lililokwisha kufunikwa. Walikuwa wamemsubiri mama wa marehemu mpaka padri akaitwa kwenye msiba mwingine.

Bi Imakulata hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimshika Siwema mkono akasema, "Nilitaka kuuona uso tu, mwanangu."

Stendi nayo ilikuwa na lake la kusema. Masolwa, mwenyekiti wa umoja, alisimama mbele ya madereva akatangaza kwamba gari halina kosa, kosa ni la mguu. "Huyu dada anakanyaga mafuta kama cherehani," alisema, na watu wakacheka. Aliyecheka mpaka akashika ukuta alikuwa Valentino. Hukumu ikawa kwamba Siwema aache kupakia abiria hadi Valentino alikague gari upya, kwa malipo mapya. Siwema aliitikia, akalirudisha gari nyumbani kwa kuvutwa, injini imeshapoa, na hilo lilimfaa. Alijua plagi ikitolewa injini ikiwa ya moto inaweza kutoka na nyuzi za shimo, zile zinazoishika, na hapo ndipo ungelia kweli.

Sasa vidole vyake viliupata waya wa nne. Aliuchomoa kwa kushika kichwa chake, si kwa kuuvuta shingo. Kisha akaagiza pampu ya baiskeli ya mwenye nyumba, akaingiza mpira wake kwenye shimo, Advera akapampu. Vumbi lilitoka jekundu, la kugandamana, likawajaa usoni wote wawili. Kwenye yale mashimo matatu halikutoka hata la kupaka kidoleni.

"Hapa hajapita mtu," alisema Advera, akitema.

Siwema alishusha boksi spana, akaikalisha kwenye plagi kwa kupapasa, akavuta. Mkono ulimponyoka, vifundo vikagonga bati, ngozi ikachubuka. Akavuta tena, safari hii kwa hasira, na plagi ikalia mlio mmoja mkavu ikaachia. Ilipotoka aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa ya kahawia kwa kutu, ncha yake imelika, kaure yake imepasuka kutoka juu hadi chini. Ilikuwa na miaka, hiyo. Ilikuwemo kabla yeye hajalinunua gari.

Alikaa kwenye kizingiti cha gari akaishika. Kilichompanda hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira, tena hasira tamu, kama ya mtu aliyepotelewa na kitu muda mrefu kisha akakiona mkononi mwa mwizi. Valentino alikuwa ameona uvivu kuingiza mkono, akala plagi ya nne, na kwa sababu hiyo mama mmoja hakumwona mwanawe. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Siwema," alisema Advera taratibu, maana alimjua. "Funga plagi yako ufanye kazi. Valentino na Masolwa wanakula sahani moja. Ukimgusa huyu umemgusa yule."

"Basi vizuri. Sitapata taabu ya kuwatafuta mmojammoja."

"Watakutoa kwenye laini."

"Wameshanitoa."

Alichukua plagi mpya aliyoinunua mjini, akaichomeka kwenye ncha ya kipande cha mpira wa mafuta, akaishusha shimoni na kuizungusha kwa vidole mpaka ikashika nyuzi zenyewe bila kulazimishwa. Kisha ndipo akaikaza kwa spana. Alirudisha zile tatu, akafukuza kuku, akapachika kiti, akaazima betri. Injini iliwaka mara moja, ikatulia. Advera alisema hajawahi kuisikia ikiwa kimya namna ile. Siwema aliifuta ile plagi kuukuu kwa kitambaa, akatia mfukoni, akaondoka bila hata kunawa.

*

Stendi ya Noah ina kanuni moja ambayo hata mlevi anaijua: gari la mbele halijaondoka, la nyuma halipakii. Gari la mbele, kila asubuhi, bila zamu na bila aibu, lilikuwa la Masolwa mwenyewe. Lilikuwa pale siku hiyo pia, limekwisha kujaa, vikapu na magodoro yamefungwa juu, likisubiri dereva wake aliyekuwa anamalizia supu. Nyuma yake zilipanga foleni Noah nyingine, na nyuma kabisa Siwema akasimamisha yake.

Masolwa alimwona, akaja akitembea kwa raha, Valentino ubavuni.

"Shikamoo mwenyekiti," alisema Siwema.

"Marahaba. Naona umekuja. Umepita kwa fundi?"

"Nimepita kwangu. Nimefungua mwenyewe uani."

"Umefungua injini nje ya gereji ya umoja?" Masolwa aligeuka ili wengine wasikie. "Jamani, mnamsikia dada? Amekuwa fundi siku hizi."

"Nimekuta hii." Aliinua ile plagi juu ya kichwa chake. "Hii ndiyo plagi mpya ya fundi Valentino. Ya nne."

Madereva walisogea. Wapiga debe nao wakanyamaza, jambo ambalo ni nadra. Valentino aliitazama plagi kisha akaitazama foleni yote, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Sista, hiyo umeokota jalalani."

"Nikuoneshe vumbi lililokuwa juu yake?"

"Sikiliza nikufundishe." Valentino aliona watu wamekuwa wengi mno kwa uongo wa kwanza, akahamia wa pili. "Ya nne kwenye hizi Noah haifikiki. Mpaka ushushe injini chini. Fundi yeyote Tabora hii atakwambia tunaiacha, na gari linatembea tu. Sasa mimi nishushe injini za watu wote hapa, mtapakia lini?"

"Kwa hiyo ulituuzia nne ukafunga tatu."

Huyo hakuwa Siwema. Alikuwa Fikiri, dereva wa gari la tatu kwenye foleni, mtu mpole ambaye siku ile ya cherehani alicheka pamoja na wengine. Alirudi kwenye gari lake, akainua kiti, akaufungua mfuniko, akauchomoa waya wa nne na kumulika kwa simu. "Vumbi tupu," alisema. Mwingine akafungua, kisha mwingine, na stendi nzima ikawa ni viti vya mbele vimeinuliwa na matako ya wanaume yanatazama barabara. Kila aliyeinuka alikuwa na vumbi jekundu kwenye vidole.

Masolwa alipiga makofi mara moja.

"Fungeni hayo magari. Atakayekutwa kiti kimeinuka nikihesabu foleni, zamu yake ya leo imekwisha. Na ya kesho."

Na wakafunga. Siwema aliviangalia viti vikirudi chini kimoja baada ya kingine. Hata Fikiri alifunga, macho yake yakiwa kwenye matairi. Kila mmoja alikuwa na nyumba ya kupanga na watoto wanaosubiri sare, na Masolwa alikuwa anaijua hesabu ya kila mmoja.

"Mnaogopa nini?" aliuliza Siwema. Angeweza kulia pale, lakini aliona Valentino anaanza tena kutabasamu.

Masolwa naye alijisikia ameshinda, na mtu akijisikia hivyo hupenda kuongeza kidogo. "Tena msiseme fundi wetu tapeli," alisema. "Hili gari langu hapa amelifanyia sevisi mtu huyuhuyu, wiki hiyohiyo. Dada fundi, spana si unayo? Haya, fungua la kwangu, mbele ya watu wote. Ukikuta plagi kuukuu, kesho mimi natoka kwenye uenyekiti."

"Mwenyekiti, hakuna haja," alisema Valentino haraka. "Abiria wanachelewa."

"Acha afungue."

"Mwenyekiti..."

"Nimesema acha afungue."

Abiria wa mbele alishuka na mtoto wake mgongoni. Gari lililala palepale stendi, na injini ilikuwa haijawashwa tangu jana, baridi kama jiwe la kisimani. Siwema aliinua kiti, akauchomoa waya wa nne, akaingiza mkono. Safari hii hakuna vumbi lililotoka. Spana ilikaa, plagi ikaachia kwa wepesi, na alipoitoa ilikuwa mpya kabisa, nyeupe kaure yake, nyuzi zake bado zina mng'ao wa dukani.

"Mnaona?" alisema Masolwa, akiinyooshea kidole kwa furaha. "Mpya. Mnaona wenyewe?"

Waliona. Walikaa kimya wakiiona, na ukimya ule ukaanza kumkaa vibaya mwenyekiti kabla hajajua sababu yake. Fikiri ndiye aliyeisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Kumbe mkono unafika."

Siwema aliifuta ile plagi mpya kwenye suruali yake, akaitia mfukoni. Ile kuukuu akaiweka juu ya dashibodi, mbele ya usukani.

"Rudisha plagi yangu," alisema Masolwa.

"Yako ni hiyo hapo. Hii ni ya kwangu, ile ya nne niliyoilipia."

Sasa gari la mwenyekiti lilikuwa limekufa mbele ya foleni, limejaa abiria, shimo lake la nne wazi, na kanuni yake mwenyewe imewafunga wote nyuma yake. Abiria walianza kupiga kelele. Masolwa alimtazama Valentino, na Valentino hakuwa na mtu wa kumtazama. Alitoa plagi moja kati ya nyingi zilizokuwa kwenye mkoba wake, akapiga goti kwenye kizingiti cha gari mbele ya stendi nzima, akaingiza mkono. Hakushusha injini. Alimaliza kabla yule dereva hajamaliza supu yake.

"Ukitoka hapo, njoo kwangu," alisema Fikiri, na akainua kiti.

"Kisha kwangu," alisema mwingine.

Viti vilianza kuinuka tena. Masolwa alifungua mdomo kuhesabu zamu, akaona ni foleni nzima, akaufunga. Badala yake aliomba wembe kwa kinyozi wa jirani, akaenda hadi kwenye gari la Siwema, akaanza kuikwangua stika kwenye kioo. "Wewe hupakii tena hapa," alisema. "Labda upakie kuni."

Siwema alisubiri mtu aseme neno. Fikiri alikuwa ameshika tochi, akimmulikia Valentino. Wengine walikuwa wanagombania nani awe wa pili. Plagi zao walikuwa wanazipata, na hilo liliwatosha.

"Kwangua vizuri, mwenyekiti," alisema Siwema. "Usiache gundi."

Angeweza kuondoka hapo. Hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti cha gari lake lisilo na stika, akamtazama fundi akizamisha mkono, gari baada ya gari, vifundo vikigonga bati, ngozi ikichubuka mpaka damu ikachanganyika na vumbi. Alitaka kuuona ule mkono ukichubuka, na hakuona haya kulitaka hilo. Valentino alipofika mwisho wa foleni alisimama mbele yake, ameukumbatia mkono kifuani kama mtu aliyeungua.

"Umeridhika?"

"Bado," alisema Siwema. Aliwasha injini, akanyoosha mkono akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. "Panda. Bi Imakulata yuko Isevya. Nataka umwambie kwa mdomo wako kwamba plagi ya nne ilikuwa haifikiki."

Valentino hakupanda. Siwema hakufunga mlango. Magari yalianza kutoka kuelekea Usoke, yaliyokuja nyuma yake yakampigia honi asogee, na yeye akaendelea kukaa hapohapo, mikono kwenye usukani, akimtazama usoni.