Khitma ya Baba Ilivyovamiwa

Mgeni njoo, mwenyeji aponzwe. Ndivyo nisemavyo siku hizi, na sababu ninayo.

Mwaka jana wapiga picha wa filamu walipofika Mlingotini, Najim, mtoto wa ami yangu Mbaruk, ndiye aliyewaleta uani kwetu. Siku hiyo tulikuwa tunamsomea baba khitma ya arobaini. "Wanataka kumbukumbu ya mila zetu tu, mama mdogo," alimwambia mama. Mama akawakaribisha. Taa yao ilipozimika katikati ya dua, akakubali turudie tangu mwanzo, kisha akawapakulia pilau kabla wenyewe hatujala.

Jumamosi iliyopita, baada ya adhuhuri, filamu ikaonyeshwa Bagamoyo kwenye ukumbi wa harusi. Ilikuwa ya Kiingereza, nikapewa kipaza sauti niitafsiri palepale, kama wafanyavyo kwenye mabanda ya video. Mama alikaa mstari wa mbele na shoga yake, Bi Shufaa, wote na kanga mpya.

Mwanzo nilitafsiri kwa raha. Makomando wanafunga viatu, wanataniana, mmoja anabusu picha ya mwanawe. Kisha wakashuka ufukweni gizani, wakachungulia juu ya ukuta.

Ukuta wetu. Ule wenye ufa tulioziba kwa saruji.

Ndani, Ami Mbaruk na wenzake wako mkekani, juzuu mikononi. Mama yuko mlangoni na chetezo cha ubani.

"Ebo! Esha, si wewe huyo!" Bi Shufaa akapiga kigelegele.

Kamanda akanong'ona jambo. Nikashusha kipaza sauti.

"Anasemaje huyo, Adila?" mama akauliza, bado anatabasamu.

Najim akaniinamia. "Sema wanauliza njia. Wenye filamu wamo humu, usituaibishe."

"Ulijua?"

"Filamu tu hiyo, bibie. Na wameshaniahidi kazi kwenye ijayo."

Mama hakunificha kitu hata siku daktari aliposema baba haponi. Nikainua kipaza sauti.

"Anasema magaidi wote wamo humu. Yule mwanamke mwenye moshi ndiye anayewaficha. Asibaki mtu."

Risasi zikalia. Chini ya milio yake, dua ya baba inaendelea, ile tuliyoirudia kwa ajili ya taa yao.

Mama akainuka, kanga usoni. Alipofika mlangoni akageuka. "Najim, mwanangu, pilau niliwapa. Haikuwatosha?"

Leo Ami Mbaruk amekuja nyumbani, yeye aliyeuawa mkekani kwenye filamu ile ile.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umewavunjia wageni heshima, Adila. Mwenzio amenyang'anywa kazi. Waombe radhi, yaishe."

"Mama ameombwa?"

Akatazama ukuta, pale kwenye ufa. "Wewe ndiye mdogo. Wewe ndiye wa kuanza."

"Siombi radhi, ami."