Ndimu za Optatus

Mwaka ule maduka ya Bombambili yalipoanza kujaa vitu vya nje, Optatus, fundi seremala na msomaji wa masomo kanisani, alipenda kimoja kuliko vyote: juisi ya unga. Pakiti moja, jagi la maji, na hapo una kinywaji cha rangi ya chungwa ambacho hakijawahi kukutana na chungwa. Alikunywa asubuhi, akateremshia ugali, akanywa huku akipiga randa.

Mkewe Ludovika, mhudumu wa zahanati na mama wa mtoto wao Leo, alirudi siku moja na jarida la afya. Alimsomea kwamba panya waliolishwa rangi za vyakula kwa wingi waliharibika maini, ila waliopewa pia vitamini C hawakuumia sana. Alikusudia mumewe aache. Optatus alisikia ile nusu ya pili tu.

Kesho yake alirudi na kikapu cha ndimu. Kila glasi ya juisi, ndimu mbili, akizifyonza macho yamefumbwa kama mtu anayetimiza malipizi ya dhambi. Na kwa kuwa sasa alijiona ana kinga, glasi nne zikawa nane. Hata wateja waliofuata vitanda vyao aliwashauri wafanye vivyo hivyo, kwa sauti ya kidaktari.

Ikafika Jumapili ya zamu yake. Meno yalikuwa na ganzi, ulimi umechubuka. Akasimama mimbarini.

"Shomo katika waraka wa Mtume Paulo kwa Wakoloshai."

Watoto wa benchi la mbele waliuona ulimi wa rangi ya chungwa, wakainamiana. Katekista Wendelini, mtu asiyecheka hata harusini, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Optatus alikazana hadi mwisho, jasho likimtoka.

Njiani kurudi nyumbani Ludovika hakumcheka. Alimwuliza kama anajua tofauti yake na wale panya. Optatus alitikisa kichwa, maana kusema kulimwuma.

"Panya hawakuulizwa, Baba Leo. Walifungiwa, wakalishwa rangi. Wewe nani amekufungia?"

Siku tatu Optatus aliishi kwa uji wa vuguvugu. Ya nne, Ludovika akampondea mapera, akayachuja, akampa. Optatus aliigeuza glasi kwenye mwanga, akalalamika kwamba inafanana na maji yaliyooshewa mchele. Kisha akainywa yote, akaomba nyingine.