Waulize Wazima Pia

Katika idara ya afya ya jiji walimwita Bi Maswali, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Maofisa wengine wakiingia kwenye nyumba ya mgonjwa walikwenda moja kwa moja chooni na kwenye pipa la maji. Yeye alivuta kiti, akaketi, akaanza: ulikula nini, nani alikipika, ulikuwa na nani, ulikunywa nini ukimaliza. Kuuliza si ujinga, na kwenye kazi ile kuuliza ndiyo dawa ya kwanza. Hakuwahi kuufuatilia mlipuko wa ugonjwa akashindwa kuujua ulikotoka, na wala hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Safari hii kipindupindu kilimwingilia nyumbani.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi wa kiwanda cha uchapaji. Alifikishwa kambi ya matibabu macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nyuma yake wakafuata wengine, wote wafanyakazi wa mtaa uleule wa maofisi na karakana. Na mtu aliyelisha matumbo mengi zaidi za mtaa ule kila mchana alikuwa dada yake Bi Maswali.

Dada alipikia nyumbani, uani, akafunga vyakula kwenye makontena na kuvisambaza kwa toroli kabla jua halijasimama. Kwa biashara hiyo alijenga nyumba na kusomesha watoto. Ungeweza kumtukana akakusamehe, lakini uingie jikoni kwake bila kunawa, hapo mmekosana mpaka siku ya kiyama. Sifa yake nyingine ilikuwa mumewe. "Tangu anioe hajala kwa mtu mwingine," aliwaambia wateja, na alisema kweli kwa jinsi alivyojua. Hata daktari wa presha alipomkataza shemeji chumvi, dada hakutetereka. Alinunua sufuria ndogo, akawa anampikia peke yake pembeni, bila chumvi hata punje, na kila asubuhi shemeji aliondoka na kontena lake chini ya kwapa.

Basi kwa sifa hizo dada alijifunga kamba mwenyewe. Mkuu wa kitengo, mwanamume mpole asiyependa kuzungushwa, alikuwa na maelezo ya shemeji mezani. Hali kwingine, hanywi kwingine, kila kinachopita kooni kwake kinatoka jikoni kwa mkewe. Na baadhi ya wagonjwa wengine walikuwa wateja wa jiko hilohilo.

"Huyu ni dada yako," mkuu alisema. "Nikikuambia ukae pembeni, utanilaumu?"

"Nitakulaumu jiko lisipofungwa leo," Bi Maswali alijibu. "Funga kwanza. Tukikosea tutaomba radhi. Mtu akifa, radhi tutamwomba nani? Jiko mpe ofisa mwingine, ndiyo haki. Ila mimi usinitoe kazini, maana mpaka sasa tumewauliza wagonjwa tu."

"Sasa ulitaka tumuulize nani?"

"Wazima. Waliokula chakula hichohicho wasiumwe. Hao nao wana habari zao, basi tu hakuna anayewafuata."

Mkuu alikuna kidevu, akakubali.

Mlango wa dada hakuukwepa. Alifuatana na ofisa aliyepangiwa, akasimama uani wakati maji ya tangi yanachotwa kupelekwa maabara na utepe unazungushwa mlangoni. Dada alikuwa ameshika mwiko, na sufuria zilikuwa bado motoni.

"Mimi nilikubeba mgongoni," alisema dada. "Leo unakuja kunifungia jiko?"

"Nimekuja ulisikie kwangu, dada, usilisikie kwa majirani."

"Nina uchafu gani mimi?"

"Sijasema una uchafu. Nimesema bado sijajua, na nikijua utakuwa wa kwanza kuambiwa."

Dada aliuweka mwiko chini, akaketi kwenye ngazi. Hasira zilikuwa zimemwishia ghafla, na hilo lilimtisha Bi Maswali kuliko zile kelele. "Hata mkilifungua," dada alisema, "nani atakula tena? Watu wakishasema mkono wangu una kipindupindu, mdogo wangu, ndio nimekwisha."

Kauli hiyo ilimchoma Bi Maswali moyoni, kwa sababu ilikuwa kweli. Utepe unakatwa kwa mkasi, lakini maneno ya watu hayana mkasi. Bi Maswali aliondoka pale amepania.

Akaanza kuwasaka wazima. Watu hawakumwelewa. Ukimwendea mgonjwa anajieleza mpaka umwambie apumzike, lakini mzima ukimuuliza alikula nini juzi anakuona unamtakia mabaya. Karani mmoja wa benki alimwambia, "Mama, mimi siumwi, nenda kwa wanaoumwa." Bi Maswali alicheka, akavuta kiti. Hakutoka mtaa ule mpaka alipohakikisha kwamba wateja wa kila siku wa dada yake, wale wasiokosa hata mchana mmoja, karibu wote walikuwa wazima wa afya. Waliougua walikuwa wale wa kula leo hapa, kesho pale. Alitabasamu peke yake barabarani. Jiko baya huwaumiza waliolizoea, haliwaruki likatafuta wapita njia.

Ila maelezo ya shemeji yalikuwa yamebaki njiani kama gogo. Mtu aliyekula kwa dada peke yake, na ndiye aliyeanza kuugua.

Alimalizia kwenye lango la kiwanda cha uchapaji. Mlinzi wa hapo alikuwa mzee mcheshi, mashavu yamejaa, kibandani kwake kuna redio na kiti kimoja ambacho alimpisha mgeni.

"Unakula wapi mchana, mzee wangu?"

"Nakula vizuri," alisema mlinzi. "Yule mama wa makontena. Mpishi yule, mwanangu. Mchuzi wake ukiukosa siku moja unaota."

"Hujaumwa tumbo siku hizi?"

"Tumbo langu kama jiwe la kusagia. Tena nakula vyake kila siku ya kazi. Kasoro yake moja, huyu mama hatii chumvi. Sijui ni imani yake. Mimi nabeba yangu." Akatoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa, chumvi ndani yake, akakionyesha kwa fahari.

Bi Maswali aliitazama chumvi ile. Mchuzi wa dada ulikuwa na chumvi yake sawasawa, jiji zima linajua. Sufuria isiyo na chumvi nyumbani kwa dada ilikuwa moja tu.

"Kontena hilo unapewa na nani, mzee?"

Mlinzi akaanza kurekebisha redio ambayo haikuwa na tatizo. "Aah, mambo ya wanaume hayo," alisema.

Bi Maswali hakuhitaji zaidi. Alikwenda moja kwa moja kambini, akakanyaga beseni la maji ya dawa mlangoni, akanawa, akapita kati ya vitanda vyenye tundu na ndoo zake chini mpaka kwa shemeji. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia. Dripu ilikuwa inashuka mshipani taratibu, maji yenye chumvi ndani yake, na Bi Maswali alijizuia kumtania.

"Shemeji, mlinzi anakusalimu. Anasema chakula kitamu ila hakina chumvi."

Shemeji alifumba macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie dada yako."

"Ulikuwa unakula wapi?"

"Kibanda cha nyuma ya karakana. Wali, mchuzi, na juisi ya barafu. Shemeji, nilijaribu. Yule mwanamke anaamka alfajiri kunipikia sufuria yangu peke yangu. Nitamwambia nini? Nimtazame usoni nimwambie chakula chako hakipiti?"

"Kwa hiyo ukaona bora lifungwe jiko lake?"

"Sikujua litafungwa. Nilijua mtanitibu yaishe."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bi Maswali alisema, lakini kwa upole, maana alimpenda shemeji yake na alikuwa nusura amkose. "Sasa sikiliza. Siri ya mgonjwa mimi siitoi, hata kwa dada yangu, nimeapa. Ukibadilisha maelezo yako, jiko lake linafunguliwa na sisi tunakwenda kukamata ugonjwa ulipo. Ila mwenye jiko ana haki ya kujua kwa nini limefunguliwa, na yeye si mjinga. Atajumlisha. Usipobadilisha, siri yako inabaki salama na yeye anakwisha. Chagua."

Bi Maswali alidhani atasumbuka kumshawishi. Shemeji aliomba kiti, apelekwe akamwambie mkewe mwenyewe.

Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo dada aliitwa kwenye uzio wa waya, ambako alishinda kila siku na chakula ambacho kambi haikukipokea. Shemeji alikalishwa upande wa pili, dripu yake imeshikwa na muuguzi.

"Mke wangu," alisema, "kile chakula unachonifungia sikili. Nakula kibandani. Huko ndiko nilikoupatia ugonjwa, si kwako."

Dada alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. "Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na changu anakula nani?"

"Mlinzi."

"Bora ungeniambia una mwanamke," dada alisema. "Mwanamke ningemtafuta nikajua nagombana na nani. Sasa mimi nigombane na mlinzi?" Akageuka, akaondoka na kapu lake bila kumtazama tena mtu yeyote.

Shughuli iliyobaki Bi Maswali aliifanya kwa furaha ya fundi anayekijua chombo chake. Aliwarudia wagonjwa wote na swali moja jipya: barafu. Hakuna aliyekuwa ameitaja, maana nani huhesabu barafu kuwa chakula? Sasa kila mmoja aliikumbuka. Mwenye kibanda alikiri kwamba hununua zile za bei rahisi za kuhifadhia samaki, na ghala la barafu likakutwa linavuta maji ya kisima kilichochimbwa karibu na shimo la choo. Maabara ikathibitisha: vijidudu vilikuwa kwenye barafu, na maji ya tangi la dada yalikuwa safi. Ghala likafungwa, kisima kikazibwa, na vitanda vya kambi vikaanza kubaki vitupu.

Kufungua jiko kwa karatasi hakukumtosha. Alimshika mkuu wa kitengo mkono, akampeleka na maofisa wenzake mpaka katikati ya mtaa ule mchana kweupe, na mkuu akala chakula cha dada amesimama, kila mtu akimwona, akaomba kingine. Toroli lilirudi nyumbani tupu.

Shemeji aliporuhusiwa, Bi Maswali ndiye aliyemleta. Dada hakumnunia, lakini hakumsemesha zaidi ya "karibu" na "maji haya hapa". Akapakua. Shemeji akawekewa sahani yake kutoka sufuria ndogo, kama kawaida, na akala kimya kijiko baada ya kijiko.

"Kikoje?" dada aliuliza.

Bi Maswali aliinua kichwa. Miaka yote ya kuingia na kutoka kwenye nyumba hiyo, hakuwahi kulisikia swali hilo likiulizwa.

"Nimedanganya vya kutosha," shemeji alisema. "Kibaya, mke wangu. Kibaya sana."

Dada alimpokonya kijiko. Sufuria kubwa aliionja kila inapochemka, lakini ile ndogo aliihesabu kuwa dawa, na dawa huonjwa na mgonjwa. Akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akameza kwa taabu.

"Ulikila hiki kwa muda gani kabla hujaanza kumpa mlinzi?"

"Mwaka."

"Mwaka mzima?" Machozi yalimlenga. "Mwaka mzima unakula hivi, na jioni unaniambia asante?"

Dada aliifuta pua yake kwa kanga, akachukua sahani, akatwaa na ndimu mbili na vitunguu saumu kapuni, akaelekea jikoni.

"Njoo uonje," alimwita mumewe kutoka mlangoni. "Na unawe kwanza."