Leseni na Jiwe la Mlangoni

Tangazo la baraza la mji lilibandikwa kwenye ukuta wa bekari siku ya Jumatano: kuanzia Jumatatu, marufuku kuendesha baiskeli barabarani bila leseni. Wapeleka mikate wakaja juu.

"Bado kidogo watatukatia leseni ya kutembea kwa miguu!" mmoja alisema, wenzake wakaangua kicheko.

Mwenye bekari hakucheka. Asiye na leseni, alisema, Jumatatu asijisumbue kuja.

Bwana Saa, mmoja wa wapeleka mikate hao, alilisoma tangazo mara mbili. Walimbandika jina hilo kwa sababu kwa miaka ishirini na saba mkate wake haukuwahi kuchelewa. Watu waliteleka maji ya chai kwa kusikia kengele yake. Kuendesha hakukumtisha hata chembe. Kilichomnyima raha ni aibu aliyoificha miaka yote hiyo: hakujua kupanda baiskeli. Akishakaa juu ya kiti, hana mpinzani. Ila kupanda palipo tambarare, hawezi katakata. Yeye mfupi, baiskeli ya urithi ndefu, na tangu utotoni alizoea kupandia kwenye kitu cha kukanyaga: ngazi, ukingo wa barabara, au lile jiwe pana la mlangoni kwake. Hapo nyumbani hupanda baada ya kuhakikisha mkewe hayuko dirishani. Mwanamume mzima, ati!

Jumamosi asubuhi walipanga foleni mbele ya ofisi za baraza, kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili ya mtihani. Mkewe alimsindikiza, akasimama ng'ambo na wake wa wapeleka mikate wengine. Mtahini, afande mmoja wa trafiki mwenye kitambi na maneno machache, alichora mstari wa chaki katikati ya lami.

"Ukiitwa, njoo hapa. Nikipuliza filimbi, simama. Nikipuliza tena, ondoka."

Watatu wa mwanzo walipanda palepale mstarini. Filimbi ilipolia, wakafunga breki katikati ya barabara, mguu chini, kifua mbele. Afande akatikisa kichwa na kuandika. "Rudi wiki ijayo," aliwaambia wote watatu.

Kama hao wamefeli, mimi itakuwaje, Bwana Saa alijiuliza. Alipoitwa, alifika mstarini, akautazama ukingo uliokuwa hatua tano pembeni. Akapiga moyo konde, akaikokota baiskeli mpaka ukingoni, akakanyaga, huyo! Filimbi ikalia. Mwili ukafanya ulichozoea kila siku: akageuka kutazama nyuma, akanyoosha mkono, akasogea taratibu mpaka pembeni na kutua mguu juu ya ukingo. Asingetua hapo, angepandia wapi tena? Filimbi ya pili ikalia, akatazama nyuma, akaondoka.

"Wewe, njoo," afande alimwita. "Wenzako walipandia mstarini. Wewe mbona ukaenda pembeni?"

Bwana Saa aliikokota baiskeli karibu. "Ndivyo nilivyozoea, afande."

Afande akawageukia wengine. "Mmesikia? Mstari ni wa kuripoti tu, si wa kupandia. Mtu anapanda na kusimama katikati ya barabara, gari lipite wapi, juu ya kichwa chake? Huyu ndiye anayejua kutumia barabara." Akagonga muhuri.

Bwana Saa alishusha pumzi ndefu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliikokota baiskeli kando ya mkewe huku amebana leseni mkononi. Karibu na nyumba, furaha ikamlegeza ulimi, akamwambia mkewe yote, tangu utoto wake mpaka asubuhi ile.

Mkewe alicheka mpaka akajishika kwenye kiti cha baiskeli.

"Baba watoto, na hilo jiwe la mlangoni, unadhani lilikuja lenyewe?"

"Si waliliacha mafundi?"

"Mafundi gani? Wiki tuliyohamia hapa nikiwa dirishani nilikuona unakokota baiskeli mtaa mzima, unatafuta pa kupandia. Nikalivingirisha mwenyewe, na ujauzito wangu."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungelikanyaga?"

Bwana Saa aliiegemeza baiskeli ukutani. Aliliangalia lile jiwe, lililolika katikati kwa unyayo wake.

Jumatatu alilikanyaga bila kuchungulia dirishani. Mkewe alikuwa amesimama hapohapo mlangoni, amemshikia usukani.