Kopo Lisilokumbuka

“Mimi hesabu haijawahi kunishinda,” Bibi Mshonaji alimwambia muuguzi, na kabla hajajibiwa akaongeza, “Niliacha shule kabla haijapata nafasi.”

Muuguzi hakucheka. Mkwe wa Bibi, mwenye mimba changa, alikuwa ameketi kando, macho sakafuni. Mtoto wake wa kwanza walimzika kwa ugonjwa wa damu, ule ambao baba na mama huubeba bila wao wenyewe kuumwa.

“Chukulieni ni kopo,” muuguzi alisema. “Lina vifungo vinne: vitatu vyeupe, kimoja cheusi. Kila mimba ni mkono unaoingia humo bila kuchungulia.”

“Basi cheusi si tumeshakitoa?” Bibi alidakia, uso ukimnawiri. “Vimebaki vyeupe vitupu!”

“Ingekuwa hivyo kama kingebaki nje, bibi. Lakini kila mara kinarudishwa. Kopo halikumbuki nani katangulia.”

Tangu mazishini Bibi alikuwa akijiliwaza kwamba mjukuu wake ameondoka na ule weusi, amewafagilia njia wadogo zake. Sasa hata hilo kanyang'anywa. Mtoto hakumfagilia mtu njia. Alikufa, basi.

Nyumbani, mkwe alisukuma sahani kando. Akaenda kwenye meza ya kukatia vitambaa, akachagua vifungo vinne, akavitia ndani ya kopo la maziwa. Alipogeuka kufuta machozi, vidole vya Bibi viliingia humo vikatoka, vyepesi kama vya kibaka.

Mkwe akafumba macho, akachomoa kimoja. Cheupe. Akakirudisha, akatikisa kopo. Cheupe. Tena cheupe. Akarudia na kurudia, hata midomo ikaanza kumlegea, tabasamu likachungulia. Bibi alilitazama kama mtu anayeota moto wa kuni za wizi.

Kisha tabasamu likasita. Mkwe akaliinamisha kopo. Vifungo vyeupe vikamwagika mezani. Akaligonga kitako: hakuna kingine.

“Mama, cheusi kiko wapi?”

Bibi, aliyezoea kubana pini midomoni tangu usichana wake, alitikisa kichwa tu.

“Mama, nakuuliza.”

“Si kimo humohumo koponi, mwanangu,” Bibi alisema, na kifungo kikagonga jino lake la mbele.